Kung'arisha Rangi ya Gari kwa Mashine Bila Kuharibu Gari Wala Kuumiza Mtu

Mazungumzo kwa mafundi wa jua kali, waosha magari na wenye magari wa Kisii na Nyamira



Anayesafiri kutoka Suneka akapitia mjini Kisii hadi Keroka, au anayekata kona kwenda Nyamira na Kebirigo, huona kando ya barabara vijana wenye bomba la maji, ndoo, na siku hizi mashine ya stima ya kung'arishia rangi. Kazi hiyo ni riziki ya halali na wateja wapo. Gari la abiria linalong'aa hupata watu haraka, na gari la kuuzwa likimeremeta hupandisha bei. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini mashine hiyo ina mambo mawili ambayo wengi huyasahau. La kwanza, kung'arisha hakuongezi rangi, hupunguza. Kila mara gari linapong'arishwa, sehemu ya rangi hubaki kwenye sponji na kitambaa. La pili, mashine inayoweza kuondoa rangi kwenye chuma huweza pia kuondoa ngozi kwenye kidole, kurusha kipande kwenye jicho, au kumpiga mtu stima. Kwa hivyo mazungumzo haya yana sehemu mbili: usalama wa rangi na usalama wa mtu.

Rangi ni nyembamba kuliko inavyodhaniwa

Unene wa rangi ya gari hupimwa kwa maikroni. Maikroni 1,000 ni sawa na milimita 1. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa karibu maikroni 100. Rangi yote ya gari kutoka kiwandani, kuanzia praima inayoshika chuma hadi juu kabisa, mara nyingi huwa kati ya maikroni 100 na 150. Yaani rangi yote inakaribia unene wa karatasi moja au karatasi moja na nusu. Ile sehemu ya juu inayong'aa, ambayo mafundi huiita klia, kwa kawaida ni maikroni 35 hadi 50 tu, nusu ya karatasi au pungufu.

Klia ndiyo inayozuia miale ya jua isichome rangi iliyo chini yake. Ikikatwa sana, gari hung'aa siku hiyo, lakini baada ya misimu michache ya jua na mvua huanza kubadilika kuwa jeupe jeupe na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Hapo hakuna polishi inayosaidia, ni kupulizwa upya.

Wachongaji wa mawe wa Tabaka, kule Mugirango Kusini, wanaijua kazi hii vizuri. Kinyago kikishachongwa, husuguliwa kwa msasa na maji, msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, mwishowe hupakwa nta. Hakuna anayerukia nta kabla ya kumaliza msasa, wala anayesugua kwa msasa mkali mahali palipokwisha lainika. Fundi wa gari anafuata mpango uleule. Tofauti ni kwamba jiwe lina kina, na anayekosea kidogo anaweza kuendelea kusugua hadi alama iishe. Gari halina kina hicho.

Tena magari mengi ya hapa hufika yakiwa yametumika ng'ambo. Sheria ya Kenya huruhusu kuingiza gari lililotumika likiwa halijazidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Gari la namna hiyo huenda lilikwisha ng'arishwa mara mbili au tatu kabla ya kufika Mombasa, na mara nyingine tena kabla ya kuuzwa. Fundi wa Kisii asidhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kuligusa.

Kujua aina ya rangi kabla ya kuwasha mashine

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Fundi huchukua kitambaa cheupe kilicho safi, hukitia polishi kidogo, kisha husugua kwa mkono mahali pasipoonekana sana, kama sehemu ya chini ya mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hiyo ni rangi ya tabaka moja isiyo na klia. Kikitoka bila rangi ya gari, juu kuna klia.

Rangi ya tabaka moja hupatikana kwenye malori ya zamani, matrekta, Land Rover na Peugeot za miaka iliyopita, na pia baadhi ya magari meupe ya kazi kutoka Japani. Rangi hii hupauka kwa jua na kushika mikono kama chaki, lakini huitikia polishi vizuri. Hatari yake ni kwamba fundi, akiona sponji imejaa rangi, anaweza kuendelea tu akidhani anatoa uchafu, kumbe anatoa rangi yenyewe. Sponji isafishwe kila mara, na kazi ikome mara tu mng'aro unaporudi. Kwa malori na matrekta ya zamani sana kuna tahadhari nyingine: rangi za zamani, hasa za manjano na nyekundu, huenda zina risasi. Vumbi lake lisipulizwe kwa kompresa wala kusuguliwa kavu, na kazi isifanywe karibu na watoto au chakula.

Rangi ya klia ndiyo iliyo kwenye magari mengi ya sasa. Ikiwa besi iliyo chini ni ya metali au lulu, zile zenye chembe zinazometa, makosa hayafichiki. Klia ikitoboka, chembe huanza kuguswa na sponji, na mahali hapo huwa na doa lisiloweza kuzibwa kwa brashi. Panahitaji kupulizwa kipande chote. Kwa kawaida klia ya magari ya Japani ni laini kuliko ya magari ya Ujerumani. Kwa hivyo mwendo uliofaa kwa gari la Ujerumani unaweza kuacha Toyota ikiwa na mikwaruzo ya mviringo inayoonekana jua likiwaka.

Rangi iliyopulizwa gereji ni kundi la tatu, na ndiyo yenye mitego mingi. Aina ya NC hukauka haraka kwa sababu thina inaruka hewani, lakini hubaki ikiyeyuka kwa thina. Kitambaa chenye tone la thina kikiguswa mahali palipojificha, NC huja nacho. Rangi hii haipendi joto. Mashine ikikaa mahali pamoja huifanya laini na kuivuta. Aina ya 2K huchanganywa na hadena na ikikomaa huwa ngumu, lakini kukauka juu si kukomaa ndani. Mjini Kisii, ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na huko Nyamira kwenye mashamba ya majani chai, baridi na unyevu huchelewesha kukomaa. Fundi asome maagizo ya kopo, tena aongeze muda siku za mvua. Gari lililopulizwa juzi lisipakwe nta leo, kwa maana rangi bado inapumua.

Gari lililopigwa pati linahitaji jicho la ziada. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa hushika chuma lakini huteleza palipo na pati nene. Ajue tu kwamba haitashika pia kwenye plastiki na aluminiamu.

Mwisho kuna vitu visivyoguswa kabisa kwa mashine. Rangi ya mati, isiyong'aa kwa makusudi, ikisuguliwa hutoka na madoa ya kung'aa yasiyorudi. Stika na michoro ya matatu huchanika pembeni na kuungua. Hivyo vioshwe kwa mkono tu.

Mashine ipi, na kwa mwendo gani

Hapa ndipo palipo na hatari kubwa kuliko zote. Mafundi wengine, kwa kukosa mashine ya kazi hii, hufunga sponji au sufi kwenye grainda ya kukatia vyuma. Grainda ndogo ya kawaida huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Kung'arisha rangi huhitaji mizunguko kati ya 600 na 2,000 hivi kwa dakika, na mara chache kuzidi hapo.

Hesabu yake ni hii. Sponji yenye upana wa milimita 150 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake huenda kilomita 42 hivi kwa saa, mwendo wa matatu inayopita polepole katikati ya Keroka siku ya soko. Sponji ileile ikifungwa kwenye grainda ya mizunguko 11,000, ukingo wake huenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Hakuna sponji wala gundi iliyotengenezwa kuvumilia hayo. Ikipasuka, vipande huruka kwenye uso wa aliye karibu. Hata isipopasuka, rangi huungua kwa sekunde chache. Jibu ni moja: grainda si mashine ya kung'arishia. Kama uwezo wa kununua haujapatikana, mafundi wanne au watano wanaweza kuchanga wakanunua moja ya pamoja, au kazi ifanywe kwa mkono.

Mashine zenyewe ni za aina mbili. Ya mzunguko mmoja huzunguka kama gurudumu. Hukata haraka, lakini pia huchoma haraka, na inahitaji mkono uliozoea. Ya mizunguko miwili huzunguka na kuyumba kwa pamoja. Huchukua muda zaidi, lakini joto lake ni dogo na makosa yake ni machache. Anayeanza kujifunza aanze na hii ya pili.

Sufi hukata zaidi ya sponji, na sponji ngumu hukata zaidi ya laini. Dawa ya kukatia ina chembe kali kuliko polishi ya kumalizia. Kanuni ya wote ni kuanza na kilicho laini kabisa. Kisipotosha ndipo fundi apande ngazi moja.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Vumbi jekundu la barabara za marram lina chembe za mchanga. Kulipangusa gari kavu kwa kitambaa ni sawa na kulipiga msasa. Gari kwanza limwagiwe maji mengi hadi vumbi liondoke, kisha lioshwe kwa sabuni ya magari, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti vilainishwe kwa maji, visikwanguliwe.

Gari likauke na liwekwe kivulini, bodi iwe baridi. Boneti iliyotoka kwenye mlima au iliyokaa juani saa sita isiguswe. Fundi akague kila mkwaruzo: kucha ikipita juu yake bila kukwama, huenda polishi ikautoa. Kucha ikikwama, mkwaruzo ni wa kina, na kuufuata kwa mashine ni kuchimba shimo pembeni yake.

Kingo za milango, mistari ya bodi, nembo, mipira ya madirisha na plastiki nyeusi zizibwe kwa tepu ya karatasi. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi, kwa hiyo huko hung'arishwa kwa mkono. Bampa ni plastiki, haipitishi joto kama chuma, na rangi yake huungua mapema. Mwendo upunguzwe na mashine isikae.

Kisha fundi ajaribu mahali padogo, nusu mita kwa nusu mita. Atie matone manne ya dawa kwenye sponji, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Aweke sponji kwenye bodi kwanza, ndipo awashe. Asambaze kwa mwendo wa chini, kisha aongeze. Sponji ilale bapa, isiinuliwe upande mmoja. Mkono utembee polepole, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia, mara nne hadi sita. Azime mashine kabla ya kuiinua, apanguse kwa kitambaa laini, atazame kwa mwanga. Jaribio likiridhisha, gari zima lifuate mwendo huohuo.

Kipimo cha joto ni kiganja. Kiganja kisipoweza kutulia kwenye bodi, kazi isimame hadi ipoe. Harufu ya kuungua ikisikika, mtu amekwisha chelewa.

Mashine ya mzunguko mmoja ikikaribia ukingo, sponji izunguke ikitoka nje ya ukingo, isizunguke ikiingia. Ikiingia hunasa, hula rangi na kuirusha mashine mikononi. Waipa na eria zikunjwe au zitolewe kwa sababu hiyohiyo.

Kumalizia ni nta. Nta hailipi rangi iliyokatwa, lakini huifanya mvua iteleze na vumbi lisishike. Mwenye gari anayeosha vizuri na kupaka nta mara chache kwa mwaka hatahitaji mashine kwa muda mrefu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Usalama wa mtu

Maji na stima havikai pamoja, na kwenye sehemu za kuosha magari vipo pamoja kutwa nzima. Mahali pa kung'arishia patengwe na pa kuoshea, pawe pakavu, pawe na paa. Mvua ya Gusii haipigi hodi. Ikianza, mashine ichomolewe. Ekstensheni isilale kwenye dimbwi, waya uliobanduka usifungwe kwa karatasi ya plastiki, na saketi iwe na swichi ya usalama inayokata stima yenyewe inapovuja. Swichi hiyo huokoa maisha pale ambapo fyuzi haifanyi kazi hiyo. Waya wa mashine upitishwe begani ili usinaswe na sponji.

Stima zikipotea mashine ikiwa imefungwa kwenye swichi, jambo la kwanza ni kuifungua swichi na kuchomoa. Stima zikirudi ghafla, mashine iliyoachwa imewashwa itaruka kutoka juu ya boneti kama kuku aliyekatwa shingo. Kubadilisha sponji pia kufanywe baada ya kuchomoa, si kuzima tu.

Fundi avae miwani ya kinga, barakoa, viatu vilivyofunika vidole na nguo zinazobana mwili. Leso, tai, kamba za jaketi, mikufu na nywele ndefu zilizoachwa wazi ni vitu vinavyonaswa. Mashine inayotetemeka saa nyingi huua ganzi vidole. Apumzike kila baada ya kipande cha gari. Hadena ya 2K ni hatari ya peke yake. Mvuke wake na vumbi la rangi yake ambayo haijakomaa huweza kuleta pumu, na pumu hiyo humrudia mtu kila anapokaribia tena. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo.

Kwenye jua kali, fundi wa rangi mara nyingi hukaa bega kwa bega na mwelda. Thina na vitambaa vilivyolowa thina vikae kwenye mikebe yenye vifuniko, mbali na cheche, jiko na sigara. Watoto wanaotoka shuleni wasisimame kutazama karibu na mashine inayozunguka.

Maji yenye dawa na rangi yasielekezwe mtoni. Kijito cha Nyakomisaro hupita katikati ya mji wa Kisii, na walio chini yake wanakunywesha ng'ombe na kufua. Uchafu wa sponji ukusanywe, ukaushwe, utupwe na taka.

Haki na makubaliano

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga bila kumlipisha. Mwenye gereji anayemwambia kijana ajinunulie miwani hajafuata sheria. Fundi aliyejifunzia kazini naye anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kupata cheti, na cheti hicho humfungulia milango ya kazi nje ya kijiji chake.

Kati ya fundi na mwenye gari, maneno yaandikwe kabla ya kazi. Wote wawili walizunguke gari, waone palipopulizwa, palipokwaruzwa na palipokwisha kuwa pembamba, wapige picha kwa simu. Fundi aseme wazi alama zipi hazitatoka. Mwenye gari naye asilazimishe kila mkwaruzo utoke, kwa sababu gharama ya kupuliza boneti iliyotobolewa ni kubwa kuliko bei ya kung'arisha gari zima, na mara nyingi ugomvi huishia hapo kwenye swali la nani alipe.

Kwa hiyo fundi mwema wakati mwingine ndiye anayesema hapana. Akiona rangi imekwisha, aseme osha, paka nta, acha mashine. Atakosa pesa za siku hiyo, lakini mteja atarudi, tena ataleta jirani. Mwenda pole hajikwai.